Uzi wa Njano

Jumatatu, 9 Machi

Beth wa saluni ya jirani amenichoka. Leo amesema nikitaja jina la Gachau tena mbele ya wateja wake ataninyoa kipara nikiwa nimekaa palepale. Halafu akaniambia nichukue kalamu niandike, kwa sababu karatasi haina masikio. Basi naandika nyuma ya daftari langu la vipimo, maana mbele ni kwa wateja. Ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari hili ni wa Gachau: shingo kumi na sita na nusu, kifua arobaini na mbili, mkono ishirini na tano. Nimewahi kurarua kurasa za watu waliohama Mwiki, na hata za waliokufa. Wake bado upo.

Mimi ni fundi wa nguo, miaka kumi na mmoja kwenye duka hilihili. Gachau ni MC. Kuanzia Ruiru hadi Thika, mtu akipanga ruracio, yaani siku ya kupeleka mahari, kwanza anauliza kama Gachau ana nafasi. Miaka mitatu iliyopita alikuja kuchukua koti lake. Nikamtazama yeye badala ya kazi, na sindano ya cherehani ikapita katikati ya kidole cha shahada cha mkono wangu wa kushoto. Alinipandisha boda akanipeleka kliniki. Kwenye foleni aliushika mkono huohuo ukiwa na damu akaniambia, "Mkono wako una joto la nyumbani. Nikiushika nasikia nimefika."

Alifika kwa miezi minane. Siwezi kusema aliniacha, kwa sababu anayeacha husema kitu. Alipungua tu, kama sabuni. Kucha ya kidole kile iliota ikiwa imepasuka katikati na haijawahi kuunga. Zamani alikuwa akiisugua kwa kidole gumba tukiongea, na alisema hata gizani angeujua mkono huu.

Mashati yake bado nayashona mimi.

Jumatano, 11 Machi

Vumbi. Kaptura mbili za shule na zipu moja. Hakupiga simu.

Jumamosi, 14 Machi

Leo amekuja msichana anaitwa Ngina na shangazi yake. Kwao ni Ngoingwa, Thika, lakini yeye amepanga chumba Ruiru na hupanda treni kila asubuhi kwenda kazini Nairobi, kwenye duka la miwani. Ruracio yake ni tarehe tisa mwezi wa tano. Wanataka nguo yake, nguo za dada zake, na leso za kukodi za wale wasichana wa kufunikwa.

Hapo shangazi alishusha sauti. Kila ruracio wasichana hufunikwa gubigubi, wakapangwa mstari, na bwana harusi lazima amtambue wake. Akikosea analipishwa faini, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Lakini kwao dadake Ngina mkubwa alikosewa, na ndoa haikumaliza mwaka. Cucu yao, yaani bibi yao, hajasahau. Shangazi alisema wakikosewa tena, cucu atainuka aondoke kwenye tenti, na cucu akiondoka wazee hawatabaki.

Nilimpima Ngina. Vipimo vyake na vyangu vinapishana inchi moja tu ya kiuno. Ana miaka ishirini na tano, mimi thelathini na sita.

Wakaniuliza kama namjua MC mzuri. Nikasema namjua. Nilisema haraka sana, kwa sababu nilihesabu ni mara ngapi angelazimika kupita dukani kabla ya siku yenyewe. Beth alikuwa mlangoni akasikia. Akanitazama tu, akarudi kusuka.

Alhamisi, 19 Machi

Nimejitia kidole machoni mwenyewe.

Gachau alikuja saa tisa kuchukua shati la kitenge. Ngina alikuwa amesimama juu ya kistuli, nguo imeshikizwa pini kila mahali. Nilimwambia, huyu ndiye MC niliyekwambia. Nilijisikia fahari kumwonyesha, kama mtu anayeonyesha friji mpya. Gachau hakumtazama usoni kwanza. Alitazama pindo la nguo, akamwuliza kama nimemdunga. Ngina akacheka akasema bado. Gachau akasema, "Trizah hadungi wateja. Hujidunga yeye mwenyewe."

Utani wetu wa siri, ule wa kidole changu, aliutoa pale mezani ukawa wa kumchekeshea mwingine. Halafu akampa mkono amsaidie kushuka kwenye kistuli. Kistuli chenyewe kina urefu wa kiganja. Hata mtoto wa nasari hukishuka.

Walibadilishana namba, ya mipango. Ngina alipoondoka, Gachau alivaa shati akajigeuza mbele ya kioo changu akasema hakuna anayeujua mwili wake kama mimi. Na mimi nikafurahi. Naandika hivi ili nisije nikasema sikufurahi.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua imeanza. Barabara yote ya mbele ya duka ni uji.

Jumanne, 24 Machi

Bwana harusi amekuja kupimwa. Jina lake Muriithi, wa Kirinyaga, fundi wa lifti. Mtu mfupi wa maneno. Walijuana na Ngina kwenye stesheni ya Ruiru, wakingoja treni ya alfajiri. Nilimwuliza nani alianza kuongea, akafikiria sana, akasema treni ilichelewa.

Alipomaliza kupimwa aliuliza kama naweza kuweka mifuko kwenye nguo ya Ngina. Nikamwambia nguo ya ruracio haiwekwi mifuko. Akasema Ngina akiongea na wageni huwa hajui mikono aiweke wapi. Akaomba nisimwambie Ngina kwamba ni yeye aliyesema.

Nilimcheka alipotoka. Nikamwambia Beth, huyu ataibiwa mchana. Mwanamke wake anapewa mkono na Gachau, yeye anawaza mifuko.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Niliweka mifuko.

Jumatatu, 30 Machi

Simeon alikuja nimtilie zipu. Simeon ndiye mtu wa spika wa Gachau, mwaka wa sita sasa, na kila mwaka husema ndio wa mwisho. Alikuwa amelowa na amekasirika. Gachau alimwachia vyombo vyote Juja avipakie peke yake kwenye mvua, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumpeleka mahali.

Nikamwuliza mtu gani. Akasema hajui, lakini atakuwa kwenye simu. Ikabidi anieleze. Simu ya Gachau haina majina ya wanawake, ina majina ya sherehe. Harusi Gatundu. Ruracio Witeithie. Mazishi Makuyu. Anajua kwa sababu yeye ndiye huachiwa simu apokee aseme bosi yuko kazini. Akaanza kuhesabu kwa vidole: Thika kumi na wanane, Ruiru kumi na mmoja, Juja wanane, Gatundu sita, Makuyu wawili, na Naivasha mmoja, ambaye alikuwa mwenye tenti.

"Na mimi niko?" nikamwuliza.

Simeon alitazama zipu. "Uko, auntie. Cherehani Mwiki."

Nikasema angalau hiyo siyo sherehe. Simeon ni mtu mzuri lakini hajui kunyamaza. "Iko Cherehani Juja pia," akasema.

Wanawake arobaini na sita, na aliyeniuma ni huyo mmoja. Jioni yote nimewaza anatumia mashine gani, kama ya kukanyaga au ya stima.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Nilishuka Ruiru baada ya ibada kutafuta nyuzi, nikakuta maduka mengi yamefungwa. Mvua ikanipata karibu na stesheni. Nilikuwa nimejibanza kwenye kibanda cha mhogo nilipoona gari la Gachau likisimama. Alishuka yeye kwanza akafungua mwavuli, akazunguka akafungua mlango wa pili. Ngina akatoka. Mikono yake haikuwa mfukoni.

Walisimama chini ya mwavuli ule dakika nne. Nilizihesabu kwa saa ya simu. Mwenye mhogo aliniuliza kama nataka wa kukaanga au wa kuchoma, nikamwambia wa kuchoma, nikaondoka bila kuuchukua.

Nyumbani nilijaribu kuomba. Ni Ijumaa Kuu. Nilianza vizuri, halafu nikajikuta namwomba Mungu amwoteshe Ngina chunusi.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani. Nilimwambia Beth ni mafua.

Jumatano, 15 Aprili

Ngina alikuja kujaribu nguo. Alitia mikono kwenye mifuko, akauliza nani aliwaza hivi. Nikasema mimi. Uongo wa bure, lakini sikutaka ampende Muriithi kwa kazi ya sindano yangu. Au sikutaka apendwe hivyo. Sijui ni lipi.

Nilijaribu kumwonya. Nilimwambia MC wao ni mtu wa watu, ana marafiki wengi. Maneno yalitoka na kutu. Akanitazama kwenye kioo akauliza, "Auntie, wewe na yeye mlikuwa?"

Nikamwambia mimi ni fundi wake tu. Ningesema ndiyo, labda angesikiliza. Lakini ningesema ndiyo angenihurumia, na huruma ya mtu mwenye kiuno kile siwezi.

Alipokuwa anavaa viatu alisema jambo lingine. Alitaka leso yake itiwe alama kidogo, mahali ambapo hapaonekani sana. Nikamwambia wasichana wote hufanya hivyo, wengine huambia bwana harusi rangi ya viatu, wengine huvaa bangili. Tukapatana: uzi wa njano kwenye pindo la chini, upande wa kushoto, urefu wa kidole. Akasema, "Hiyo uzi usiambie mtu, auntie. Hata tata," akimaanisha shangazi yake.

Nikaahidi. Na hapo hapo, nikiwa nimeshika chaki, wazo likaniingia. Sikulialika, lakini nililipatia kiti.

Alhamisi, 16 Aprili

Wazo bado limekaa.

Jumanne, 21 Aprili

Mafuriko kule chini. Stima ilipotea siku mbili. Nashona leso kwa mkono, sita, zote za maua mekundu sawasawa. Gachau alipiga simu kuuliza suruali. Akaniita mrembo. Nilipokata simu nikawaza hilo ni jina linalomfaa mtu asiyetaka kukosea jina.

Jumapili, 26 Aprili

Wasichana wa kufunikwa wanatakiwa sita, Ngina akiwemo. Binamu mmoja amepata mtihani Eldoret siku hiyo. Shangazi alipiga simu akilalamika. Nikasema kama ni shida ya mtu, mimi naweza kusimama, kimo changu na cha Ngina ni kimoja. Shangazi alinibariki kwa Kikuyu na kwa Kiswahili.

Niandike sasa wazi, maana karatasi haina masikio. Nitautia uzi wa njano kwenye leso yangu badala ya yake. Muriithi atakuja akitafuta uzi atasimama mbele yangu. Nitafunuliwa, watu watacheka, cucu atainuka. Ngina atajua vile mtu anajisikia akipitwa. Nikifika hapo kwenye wazo hujisikia vizuri kwa muda wa kama pindo moja, halafu hujisikia mtu mbaya, halafu namwona tena chini ya mwavuli.

Sina ugomvi na Muriithi. Yeye ni mtu amesimama tu barabarani.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeshona. Leso yake ni safi. Yangu ina uzi.

Jumapili, 10 Mei

Jana sikuandika. Naandika leo, kidole kinauma kwa sababu ya baridi.

Tulifika Ngoingwa asubuhi na mvua nyembamba. Kwao Ngina ni nyumba ya mawe na kiwanja cha nyasi, na tenti mbili zilikuwa zimesimamishwa, ya kwetu na ya wageni. Cucu alikaa mbele na blanketi magotini. Simeon alikuwa akifunika spika kwa nailoni. Gachau alivaa shati nililoshona mimi. Nisiseme uongo, lilimkaa vizuri.

Watu wa Muriithi walikuja, wakaimbishwa langoni, wakaingia, wakala. Wazee waliingia nyumbani wakakaa sana, wakatoka wakitabasamu. Ndipo shangazi akatukusanya chumbani. Sote sita tulivaa sandali za plastiki za aina moja, zilizonunuliwa Thika, ili miguu isituseme. Nikawafunika wenzangu mmoja mmoja. Nilipomfunika Ngina alinishika kifundo cha mkono juu ya leso akaninong'oneza, "Umeweka?" Nikasema nimeweka. Nilikuwa nimeweka kweli.

Tukatolewa nje tukiimbiwa. Chini ya leso mtu haoni ila mwanga mwekundu na kipande cha nyasi miguuni. Tulipangwa mstari kwenye nyasi zilizolowa. Ngina alikuwa wa pili kutoka mwisho, mimi wa tatu kutoka mwanzo.

Gachau alianza kupita mbele yetu akichekesha watu. Huyu amesimama kama polisi, huyu kama amesahau gesi. Nilisikia sauti yake ikija. Halafu Simeon akaweka wimbo, watu wakaanza kupiga makofi, na viatu vya Gachau vikasimama mbele yangu. Vikakaa. Nikajua ameona uzi. Nikawaza basi Muriithi amemwambia, maana MC huambiwa ili mambo yasiharibike.

Mkono wake ukaingia chini ya leso ukashika mkono wangu wa kushoto. Alikuwa ameweka maikrofoni kwapani. Aliinama kama mtu anayerekebisha kitu.

"Mkono wako una joto la nyumbani," akasema polepole. "Nikiushika nasikia nimefika. Leo waambie ndiyo, wafurahi. Jumanne jioni nakuchukua stesheni."

Kidole chake gumba kilikuwa juu ya kucha yangu. Ile kucha. Kilikwenda kikarudi juu ya ule mpasuko, mara mbili, kama mtu anayepapasa swichi asiyoijua, kikaendelea mbele. Mkono aliosema angeujua hata gizani, ndio huo aliushika mchana, na hakuujua. Na wala haukuwa na joto. Ulikuwa baridi kama jiwe la mto, nilikuwa nimesimama kwenye mvua robo saa.

Alitaka kuutoa mkono. Sikuuachilia.

Sikupanga. Mkono wenyewe ulifunga. Miaka kumi na mmoja ya mkasi imenipa nguvu ya mkono ambayo hata mimi siijui. Alivuta kidogo, akacheka kidogo, akavuta tena. "Malkia, niachilie, watu wanaona," akasema. Nikashika. Watu walianza kucheka wakidhani ni mchezo, mmoja akapaza sauti kwamba MC amepata wake. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Huyo ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akikosa la kusema, na alikosa.

Muriithi alikuwa ameshaanza kupita kutoka mwanzo. Viatu vyake vya kahawia, vilivyopigwa rangi vizuri, vikafika kwangu vikasimama. Uzi wa njano ulikuwa pale, karibu kabisa na ncha ya kiatu. Hiyo ndiyo dakika niliyoishona kwa wiki tatu. Na nilipoifikia sikuitaka tena. Nilitaka kumwambia pita, lakini aliyefunikwa hasemi.

Muriithi akasema, "Samahani," kama mtu anayepita kwenye benchi la kanisa, akamzunguka Gachau, akaenda.

Akapita wa nne. Akasimama kwa wa tano. Hakurudi nyuma kulinganisha, hakuinama. Nilisikia akisema, "Ngina, twende, unalowa."

Vigelegele vilitoka kwa cucu kwanza.

Basi leso zikaanza kufunuliwa zote, na mimi nikafunua yangu kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto bado ulikuwa na kazi. Gachau alinitazama usoni. Halafu akatazama chini, kwenye kucha. Nilingoja aseme jina langu. Nilikuwa tayari kumsamehe mambo mengi kwa hilo jina.

"Haiya," akasema. "Kumbe ni wewe."

Nikamwachilia. Shangazi alikuja akachukua maikrofoni akasema MC ameshikwa na baridi. Yeye mwenyewe akaendesha sherehe hadi mwisho, na kusema kweli aliendesha vizuri kumshinda. Gachau alikaa garini. Simeon aliniletea chai ya majani mengi, akaniambia Jumatatu anaanza kazi kwa mtu mwingine. Safari hii nilimwamini, kwa sababu alikuwa ameshafungua nyaya zake akaziweka mbali na za Gachau.

Nguo ya Ngina ilipendeza. Aliongea na wageni mchana wote mikono ikiwa mfukoni.

Jumanne, 12 Mei

Leo ni Jumanne. Mtu anaweza kwenda stesheni kuona kama gari limekuja. Nilikaa nikashona pazia za watu, mita kumi na nne.

Alhamisi, 14 Mei

Nimerarua ukurasa wa kwanza. Beth alishuhudia. Nilikumbuka baadaye kwamba vipimo vyake navijua kwa kichwa.

Jumamosi, 16 Mei

Jua limetoka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ngina amerudisha leso.

Alizileta zimefuliwa na kukunjwa, na juu kabisa aliweka yenye uzi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaupitisha ukucha juu ya uzi ule. "Hii haikuwa yangu," akasema.

Nimekuwa na siku saba za kutunga uongo na sikuwa nimetunga hata mmoja. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kuhusu Gachau, miezi minane, mwavuli, dakika nne, hata zile chunusi nilizomwombea. Nikamwambia nilitaka Muriithi akosee. Nilisema nikitazama cherehani, sikuweza kumtazama yeye.

Nilingoja anitukane. Badala yake aliuliza Gachau alisema nini pale aliponishika mkono.

"Alisema una joto la nyumbani," nikaanza.

"Nikiushika nasikia nimefika," akamalizia.

Alicheka yeye kwanza, kicheko kifupi kibaya, halafu mimi. Tulicheka hadi Beth akaja mlangoni na kitana kuona nani amekufa.

Beth alipoondoka, Ngina alikunja leso ile tena ingawa ilikuwa imekunjwa. Akaniambia Muriithi hakuwahi kujua habari za uzi. "Nilimwambia Gachau peke yake," akasema. "Alisema akiiona atanishika mkono, na mimi nikimfinya basi tumeelewana. Muriithi sikumwambia kitu. Nilisema akinikosa, nitajua."

Kwa hiyo alisimama kwenye nyasi akingoja mkono, na mkono haukuja. Alisikia watu wakicheka huko mwanzo, akasikia MC amepata wake, akawaza kwamba hata Gachau hamjui. Alisema alitaka kufunua leso akimbie nyumbani. Kisha Muriithi akasimama mbele yake akamwambia analowa. Kama uzi ungekuwa kwake, alisema, angemfinya Gachau. Alisema hivyo akitazama sakafu. Mimi niliyeushona kwa ubaya sikujua niuweke wapi uso wangu. Hakunishukuru, na nisingekubali.

Nilimwuliza Ngina jinsi Muriithi alivyojua, na sandali zilikuwa sawa zote.

Ngina alisimama, akanionyesha. Aliinua mguu wa kushoto akauweka juu ya wa kulia, vidole juu ya vidole, magoti yamelegea kidogo. Alisema yeye mwenyewe hakujua kwamba husimama hivyo. Muriithi ndiye aliyemwambia, juzi. Amemwona akisimama hivyo stesheni kila alfajiri yenye baridi, tangu kabla hawajasalimiana. Alikuwa anatazama miguu tu, hakutazama pindo.

Akaniaga. Kwenye mlango alisema harusi ni Agosti, na atataka nguo yenye mifuko. Nikamwambia mifuko ilikuwa wazo la Muriithi. Hakushangaa.

Nimefunga duka mapema. Wivu nilidhani umeisha, lakini umebadilisha tu mahali pa kukaa. Mwanamume niliyemwonea Ngina wivu kwa ajili yake tangu mwezi wa tatu hakuwa Gachau, kama nilivyodhani.

Kabla ya kuzima taa nilisimama mbele ya kioo cha wateja. Nilijaribu kusimama vile ninavyosimama siku zote, ili nione. Nikaweka uzito mguu huu, nikaweka ule. Nikashika kiuno, nikaacha. Nimesimama kwenye duka hili miaka kumi na mmoja, na sikuweza kukumbuka. Hakuna mtu amewahi kuniambia.